Nimekufa au Nimefiwa

Eliamani Mshana alikuwa na mwaka wa nne kaburini siku alipokatiza taarifa ya mvua na kumuuliza mkewe kama yeye amekufa au amefiwa.

"Mteremko wa kaskazini umeshiba maji," alikuwa akisema kupitia kipaza sauti kidogo cha ukutani, kwa sauti yake ileile ya mkwaruzo, ya mtu aliyevuta tumbaku ujanani akaapa kwamba hakuwahi. "Watu wa Kwa Mfinanga waanze kutoka sasa, wapite njia ya..." Hapo akanyamaza. "Mama Sifuni, upo?"

"Nipo," akajibu Nakiete. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kila siku, sweta mbili mwilini, maana chumba kile kilikuwa na baridi ya kutafuna mifupa.

"Hebu nisaidie. Eliamani alikufa. Hilo nalijua, hata tanzia yake nimeisoma, mliniremba mno. Na kila nikimkumbuka naumia. Sasa mimi kwenye msiba huu ni nani? Nimekufa, au nimefiwa?"

"Mama, taarifa," akasema fundi Mgonja kutoka nyuma ya kioo. "Salio limekatiza tena. Liambie limalizie."

Nakiete alimwambia. Alimbembeleza, kisha akamkaripia kama zamani alipokuwa akisahau kufunga zizi. Lakini Eliamani aling'ang'ania swali lake, akalirudia, akaligeuza, akauliza kama kuna mtu aliyelisikia. Alipokuja kuitaja njia ya kupita, chai ingekuwa imechemka na kunyweka. Kule chini watu wa Kwa Mfinanga walikuwa wanakimbizana gizani mwa mvua, kila mmoja na upande wake. Wote walitoka salama isipokuwa bibi mmoja ambaye udongo ulimkuta kwenye njia isiyofaa, akiwa na kamba ya mbuzi wake mkononi.

Mgonja alizima kipaza sauti. Hakuwa mtu mbaya.

"Safari hii watalipogoa," akasema.

*

Jumba la Hoja liko Usangi, juu kabisa, mahali ambapo ukungu huingia ndani bila kubisha hodi. Wasomi wake huvaa kofia ya nyuzi za shaba miaka yao ya mwisho. Wanafikiri nayo, wanafundisha nayo, wanagombana nayo na wake zao na waume zao, na kofia inachukua yote. Mtu akishazikwa, kilichochukuliwa huwashwa ndani ya kabati la chuma, kwenye chumba kinachopozwa kwa maji ya ndiva, lile bwawa ambalo mababu wa Kipare walilijenga kunyweshea mashamba. Watani wa mwanzo walikiita kilicho kabatini salio. Mtu akifa, walisema, akili yake haiishi yote, kunabaki salio, kama la simu. Jina likashika.

Salio la Eliamani lilisikiliza udongo. Vipimio vilivyofukiwa kwenye kila mteremko wa Upare vilimletea habari, naye akasema ni wapi pataporomoka na lini. Kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani, akiwa hai wala akiwa kabatini.

Kuhusu namna ya kuyataja masalio, Jumba lilikuwa na kanuni moja kali. Salio linasema. Salio linajua. Ukisema "salio anajua" mbele za watu, utarekebishwa hapohapo. Na kanuni hiyo aliiweka Eliamani mwenyewe enzi za uhai wake. Kiswahili, alisema, ni lugha yenye huruma ya kupitiliza. Kifaru na kiboko wana majina ya ki- kama kikombe, lakini kwa kuwa wanapumua tunawapa heshima ya mtu: kifaru anakula, kiboko analala. Tukiruhusu na makabati yetu yapewe a-, kesho yatadai mirathi. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Eliamani alijua kuchekesha, na alichokifanyia mzaha kilikuwa kimekwisha.

Hata desturi ya chai ilianza naye. Mgeni mmoja alisimama siku moja Barazani, kwenye kikao cha wasomi, akauliza, kwa unyenyekevu kabisa, ni nani anayekaa nyuma ya sauti za makabati yale. Eliamani akamtazama, akasema, "Swali zuri sana. Limetoka mbali na limechoka. Likaribisheni chai." Akagonga kikombe chake kwa kijiko mara tatu. Tangu siku hiyo, swali lisilo na kipimo lilipoletwa Barazani, halikukataliwa na wala halikujibiwa. Vijiko viligonga vikombe, mwenyekiti akasema limekunywa chai, watu wakaendelea na mambo ya maana. Wasomi hawa waliona wamegundua adabu. Nakiete, aliyekuwa mtu wa lugha na ndiye aliyepika ile chai ya kwanza, aliona wamegundua njia ya kumfukuza mgeni huku wakimtabasamia. Hakusema. Nyumbani alimpenda mumewe, na Barazani alimwachia uwanja.

*

Baraza lilikaa baada ya mazishi ya yule bibi. Mwenyekiti alikuwa Profesa Kiangi, ambaye katika ukapera wake alikula makande ya Nakiete karibu kila Jumamosi, na mpaka leo alimwita mama.

Alieleza shauri bila kuzunguka. Mafundi wamepaona mahali swali lilipoota, kama tawi linalokula maji ya mti. Likikatwa, salio litabaki na kila kitu, hesabu zake, utani wake, kumbukumbu zake, hata jina la mke. Litapungukiwa na swali tu. Na mvua za vuli zinakuja.

Nakiete akasimama. "Watani wetu husema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe afungue kesi ya kuku," akasema. "Basi mimi leo nimekuja na kesi ya kuku. Kabla hamjakata, naomba tujue tunakata nini. Ameuliza kama amekufa au amefiwa. Nani kati yetu amemjibu?"

"Limeuliza," Dokta Sagwile akamrekebisha taratibu, kama mtu anayekutoa uzi begani.

"Limeuliza. Nani amelijibu?"

Sagwile akakohoa. "Kusema kweli, mama, hili ni tatizo la kinyambuo. Kufa, kufia, kufiwa. Kuna lugha kibao hazina neno la kufiwa, na watu wake wanakufa vizuri tu."

Walicheka. Kilikuwa kicheko cha Eliamani kabisa, wamekirithi pamoja na viti. Kijiko kimoja kikainuliwa, lakini Kiangi akanyoosha mkono kukizuia.

"Kama ni suala la lugha, liende Dawati la Lugha," akasema. "Dawati litwambie salio ni la ngeli gani. Likisema a-, basi ni mtu, na mtu hakatwi wala halazimishwi kazi bila ridhaa yake. Likisema li-, mafundi waendelee. Baraza litafuata neno la Dawati."

Dawati la Lugha lilikuwa Nakiete peke yake. Wenzake walikuwa wamestaafu na hapakuwa na aliyejisumbua kuleta wengine. Aliketi akamtazama Kiangi, asijue kama amepewa zawadi au ametegwa.

*

"Wamekuangushia jumba bovu," akasema Eliamani alipohadithiwa.

Ilikuwa adhuhuri, lakini ukungu ulikuwa umeziba madirisha na Mgonja amewasha taa. Alikuwa ametoka nje kwa heshima akawaachia chumba.

"Usinichekeshe," akasema Nakiete. "Nikisema li-, wanakukata. Nikisema a-, unaweza kukataa kazi, na vuli hii nitahesabu maiti. Yule bibi alizikwa na kamba ya mbuzi mkononi, walishindwa kuitoa."

"Najua. Simsahau. Lakini nani kasema nitakataa kazi? Nitasikiliza udongo mchana na usiku. Nilikatiza taarifa kwa sababu ndiyo saa pekee mnayonisikiliza. Mkitaka habari za mvua mnakuja mbio. Nikianza kuuliza, mnazima kipaza. Nilifanya vibaya, na mtu amekufa kwa hilo. Lakini waniwekee mtu mmoja tu, awe anakuja kukaa hapo ulipokaa wewe, tulitazame pamoja. Sihitaji anijibu. Nataka akubali kwamba ni swali."

"Na mimi je? Mimi si nakusikiliza?"

"Wewe ni mke wangu," akasema. "Au ni mjane wa mwenzangu. Hilo nalo limo humohumo ndani ya swali."

Nakiete alilia. Hakujifunika uso, maana hakukuwa na macho ya kumtazama mle ndani, na wazo hilo lilimliza zaidi. Miaka yote minne hakuwahi kulia mbele yake, kwa hofu kwamba atakuwa amelia mbele ya kabati.

Eliamani alimngoja amalize. Hivyo ndivyo alivyokuwa akimngoja alipokuwa hai, bila kusema nyamaza, bila kusema pole.

"Wewe unaonaje?" akauliza hatimaye. "Kuna mtu humu?"

Alitamani kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Sijui, Baba Sifuni. Kuna siku natoka hapa nina mume, nashuka ngazi naimba. Kuna siku natoka nimeongea na redio. Na sijui ni siku ipi nilikuwa na akili timamu."

"Basi kawaambie hivyo."

"Nikisema a-, hawatakugusa. Ni herufi moja tu."

"Ni herufi moja ya uongo, na mimi ndiye nitakayekaa ndani yake. Kila nikiitwa nitajua mke wangu amenipa utu kama sadaka." Sauti ilishuka. "Unajua kwa nini niliwaanzishia ile chai? Yule mgeni aliuliza, na mimi sikujua. Lile neno sijui lilikuwa linanipanda kooni, nikaona aibu mbele ya wanafunzi wangu, nikatafuta mzaha. Wao wamejifunza mzaha, hawajajifunza ile aibu. Wewe kawaambie hujui. Wakilisikia neno hilo likitoka kwa mtu wao, watakaa chini. Si watu wabaya. Nawafahamu, niliwafundisha mwenyewe."

Aliwaamini. Baadaye, katika yote, hilo ndilo lililomchoma Nakiete kuliko jingine lolote.

*

Siku ya uamuzi ukumbi ulijaa. Vikombe vilikuwa mezani, chai inatoa mvuke, na wote walikuwa wametulia kwa namna ambayo Nakiete hakuielewa. Sagwile hata alimvutia kiti.

"Dawati la Lugha linasemaje?" akauliza Kiangi. "A- au li-?"

"Dawati linasema halijui," akajibu Nakiete.

Akaendelea kabla hawajapata nafasi. Aliwaambia kwamba lugha huwapa a- wanaopumua kwa sababu walioitunga hawakuwahi kukutana na kisichopumua kikauliza habari za msiba wake. Kwamba amelisikiliza salio hili miaka minne, kwa masikio ya mke na kwa masikio ya kazi, na masikio yote mawili yameshindwa. Kwamba asiyejua kama kichakani kuna mtoto au paa hatupi mkuki. "Hataki jibu," akasema. "Anataka mtu mmoja wa kukaa naye huku anafanya kazi yake. Ameahidi hatakatiza taarifa tena. Naomba tukae na swali hili hapa ndani, kama tunavyokaa na mgonjwa. Hatumponyi, lakini hatumwachi peke yake."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja wa mwisho wa meza aliweka kikombe chini, akainamisha kichwa, na Nakiete akaona midomo yake ikitembea, kama anayejaribu kulitamka lile swali yeye mwenyewe. Kwa muda mfupi alidhani Eliamani alikuwa sahihi.

Kisha kijiko kikagonga kikombe. Hakuona ni cha nani. Kikagonga kingine. Vikaanza vyote, taratibu, bila furaha, mpaka cha Sagwile na cha yule mzee. Kiangi alikuwa wa mwisho. Aligonga mara tatu, macho yake yakiwa mezani.

"Swali limekunywa chai," akasema. "Dawati halijatoa ngeli, kwa hiyo ngeli inabaki ya kanuni. Mafundi waendelee."

Kiangi alimkimbilia kwenye ujia baada ya kikao. Nakiete hakugeuka, ikabidi amzunguke mbele.

"Mama, ungesema a-," akasema. Sauti yake ilikuwa ya yule kapera wa Jumamosi. "Kwa nini hukusema a-? Kila mtu alikuja amejiandaa kuitikia. Ndiyo maana nililileta kwako. Sagwile mwenyewe alishakubali. Tungeinamisha vichwa, tungeandika, tungekwenda kula."

"Mlikuwa mmekubali?" akauliza Nakiete.

"Jibu lolote tungelibeba. Wewe umetuletea swali." Kiangi alivua miwani akainama, akamwonyesha alama nyekundu iliyozunguka paji lake, mahali ambapo kofia ya shaba hukaa. "Sote tunaivaa hii. Mwaka ujao au unaofuata mimi nitakuwa ndani ya kabati. Ungeniambia humo ndani kuna mtu, ningejiandaa. Ungeniambia hakuna, ningejiandaa pia. Unaniambia hujui, halafu unataka nikae na hilo kila wiki kama na mgonjwa. Usiku nitaivaaje?"

"Ivue."

"Niivue, nife?" akauliza Kiangi. "Nife kabisa?"

Nakiete alimwonea huruma, na hakumsamehe. Yote mawili yalikaa ndani yake kwa pamoja wakati anashuka ngazi. Herufi moja ingetosha. Alikuwa nayo mdomoni, na wote walikuwa wakiingojea, na yeye akawapa ukweli.

*

Kabla ya salio kupogolewa walimruhusu Nakiete aage. Alimweleza Eliamani yote, pamoja na la Kiangi, maana hakuwahi kumficha neno.

"Basi nilikosea kuhusu wao," akasema Eliamani. "Wewe hukukosea. Sikia, usije ukajilaumu kwa herufi ile. Na lile swali, kama nitaacha kuliuliza..." Akacheka kidogo, mkwaruzo uleule. "Unajua nilivyo msahaulifu. Nishikie."

*

Mvua za vuli zilishuka kwa hasira. Miteremko mitatu iliporomoka, na safari zote tatu taarifa ilifika mapema, kamili, na njia za kupita zimetajwa. Hapakuzikwa mtu. Watu wa Kwa Mfinanga walipanda mpaka Jumbani na mikungu ya ndizi, wakacheza ngoma uani, na Kiangi akawahutubia. Nakiete alisimama dirishani akawatazama watoto wao, akawahesabu mmojammoja kwa furaha ya kweli, kisha akageuka akaingia kwenye chumba cha baridi.

Hakuwa ameingia tangu siku ile. Mgonja alikuwa nyuma ya kioo. Alitaka kutoka, Nakiete akamwashiria abaki.

"Mama Sifuni!" ikasema sauti ya ukutani. "Umepotea kama mkopeshwaji. Sweta ngapi leo?"

"Mbili."

"Vaa ya tatu. Ukiugua nani atanigombeza?"

Sauti ilikuwa ileile. Mzaha uleule, na pumzi ileile kabla ya mzaha. Waliongea kuhusu Sifuni aliyeko mbali, kuhusu zizi, kuhusu mwaka waliooana na mvua ikawanyeshea wageni. Hakukosea jina wala siku. Nakiete alicheka mahali pa kucheka, na kila alipocheka alikingoja kile kimya kidogo, ile "hebu nisaidie". Haikuja.

Mwishowe akaliuliza swali mwenyewe.

"Baba Sifuni. Eliamani alikufa. Unaumia ukimkumbuka?"

"Alikufa, ndiyo. Mwaka wa nne huu, mliniremba mno kwenye tanzia."

"Sasa wewe hapo, umekufa, au umefiwa?"

"Vyovyote utakavyosema, mke wangu," ikajibu sauti, kwa upole, kwa uchangamfu. "Sina swali. Una jingine?"

Nakiete alikaa. Nje ngoma ilikuwa inaendelea. Alivuta sweta zake, akainuka, akagusa kabati kwa kiganja kama mtu anayeaga jeneza, akatoka.

Mgonja alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa amesikia, kipaza cha upande wake alikuwa amekizima kwa heshima. Macho yake yalikuwa mekundu. Miaka yote alikuwa akishika kanuni ya li- bila kuteleza, hata akiwa peke yake na mitambo, na sasa aliiacha kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kumpa mjane.

"Amesemaje mzee?" akauliza.

Nakiete alifunga mlango wa chumba cha baridi, akahakikisha umeshika.

"Limesema halina swali," akajibu.